Njia Iliyokunjwa

Kadzo alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi kwa siku ya tano, kikapu cha chakula miguuni, na Inspekta Kahindi alikuwa ameshajifunza kumpita bila kumtazama. Si kazi nyepesi. Benchi liko mlangoni, na kituo kile hakina mlango wa nyuma. Kingekuwa nao angeutumia, maana mwenye hatia hupenda vichochoro.

Asubuhi ile ya Jumamosi, Novemba mwaka wa tisini na tano, mama huyo hakungoja kupitwa. Aliinuka, akasimama mbele yake, akamwamkia kwa adabu, kisha akasema:

"Baba, mimi sina mengi. Nataka kuuliza tu. Yule mgeni, mmemtafuta?"

Kahindi alimuuliza mgeni gani, hali alimjua vizuri. Alikuwa amemwandika mwenyewe kwenye faili, kisha akampiga mstari.

Mambo yalikuwa hivi. Jumanne alfajiri, Mahfudha binti Zein alimpelekea babake uji kama ilivyo desturi yake, akamkuta chini ya ngazi za nyumba yake ya Mji wa Kale, ameshakufa, kichwa kimepasuka. Huyo ni Maalim Zein, mzee wa miaka themanini, aliyewasomesha Kurani watoto wa mitaa ile, na watoto wa watoto wao. Daktari alikuta alama za vidole kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na kanzu imechanika begani. Mtu akianguka peke yake haachiwi vidole vya mwenzake mkononi.

Aliyelala nyumba moja na Maalim alikuwa mmoja tu: Chengo, mumewe Kadzo, mtumishi wake wa miaka kumi na moja, mwenye chumba cha chini. Na usiku wa Jumatatu Chengo hakuwako. Alisema Maalim mwenyewe ndiye aliyempa ruhusa, alimwambia leo nenda ukalale kwenu, nina mgeni. Akashuka Feri, akavuka Likoni kwa mkewe, akarudi na feri ya alfajiri, akawakuta polisi mlangoni. Shahidi wako nani, Kahindi alimuuliza. Mke wangu, akajibu. Kahindi akacheka.

Alikuwa na haraka ya kucheka. Chengo ni Mgiriama wa Kaloleni, na Kahindi ni Mgiriama wa Kaloleni, na pale kituoni palikuwa na masikio yaliyongoja kwa hamu kusikia kwamba inspekta ampendelea mtu wa kwao. Basi alimzaba kofi mbele ya makonstebo wote, kofi la kuwaonyesha. Kisha akaandika: madai ya mgeni hayana msingi. Jumatatu Chengo alikuwa afikishwe mahakamani kwa shtaka la kuua kwa kukusudia, na mwenye shtaka hilo likimshika huhukumiwa kunyongwa.

"Tunamtafuta," Kahindi alimwambia Kadzo.

Ulikuwa uongo, na alipofika nje uliendelea kumuwasha. Akaona kwamba angalau angeweza kuufanya uwe kweli. Alikuwa na siku mbili.

Nyumba ya Bi Mwanakuu inatazamana na ya marehemu, dirisha kwa dirisha, na uchochoro wenyewe ni mwembamba hata majirani waweza kupeana chumvi bila kushuka ngazi. Kahindi alibisha hodi, akamwamkia, akampa pole ya msiba. Bibi aliitikia kuwa wameshapoa, akamkaribisha, akaendelea kuchagua mchele wa hitima kwenye ungo. Hakumfurahia. Polisi ndio waliomzuia Maalim hospitalini kutwa nzima ya Jumanne, mtu wa heshima kama yule, hata akalala mochari na kuzikwa siku ya pili, Jumatano saa nne. Alimwambia hayo usoni. Kahindi alikubali lawama, kwa kuwa ilikuwa ya haki, na kwa kuwa alikuwa na nyingine nzito kuliko hiyo.

"Lakini Mungu hamtupi mja wake," bibi akasema, sauti ikalainika. "Nyinyi mlimchelewesha, Yeye akamfupishia mwanawe ndia. Ardhi ilikunjwa, mwanangu."

Kahindi hakuelewa, akaomba aelezwe. Bibi alieleza kwa raha ya mtu ambaye ameshaeleza mara ishirini. Maalim alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Mzamil, aishiye Toronto mwaka wa sita sasa, mwisho wa dunia huko. Jumanne alfajiri Mahfudha alipiga simu ya huko kwa simu ya hapa hapa, ya Bi Mwanakuu. Akapokea mwenzake wa nyumba, akasema Mzamil yuko kazini, atampasha habari. Saa nne asubuhi Mzamil mwenyewe akapiga, analia, akisema ndiyo kwanza ajifunga safari na wasimzike babake hajafika. Wakamwambia maiti iko kwa polisi, maziko ni kesho. Na kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, jeneza limewekwa ukumbini, wanaume wamejaa mpaka nje, Mzamil akaingia na mkoba wake. Ndiye aliyeshuka kaburini akamlaza babake mwanandani kwa mikono yake. Tangu siku hiyo mji mzima wajua kwamba ile ni karama ya Maalim. Njia ya mwanawe imekunjwa, kama zilivyokunjwa njia za wacha Mungu wa zamani.

"Na mwenyewe asemaje?" Kahindi aliuliza.

"Hasemi kitu. Watu wambusu mkono, yeye auvuta kama ulioungua. Unyenyekevu, kama babake."

Kahindi akaliweka hilo kichwani. Akauliza juu ya Jumatatu jioni: je, alimwona mtu yeyote kuingia kwa Maalim? Bibi hakumwona mtu. Alichokumbuka ni harufu. Baada ya magharibi dirisha la Maalim lilitoa harufu ya pweza wa nazi, naye akastaajabu, kwa sababu Maalim hana meno, na pweza si chakula cha ufizi.

Inspekta alikiona chungu cha pweza huyo kwa macho yake Jumanne, kimeliwa nusu, akaandika kuwa ni chakula cha mtumishi. Akasema hivyo.

"Chengo?" Bi Mwanakuu alicheka kidogo. "Chengo pweza hali. Akimwona tu tumbo humgeuka. Ndiye aliyetumwa kumnunua sokoni, alipita hapa amemshika kwa ncha ya vidole. Mla pweza katika nyumba ile alikuwa Mzamil, tangu mdogo."

Aliyasema hayo kwa moyo safi, huku akitupa chuya nje ya dirisha. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe ikiwa kanzu nyeupe ya msibani, nani ataipekua? Kahindi alimshukuru, akatoka. Si mtu wa kubisha karama za watu. Ila kazi ya polisi ni kuuliza karama imeshukia kiwanja gani cha ndege.

Kwenye ofisi ya tiketi karibu na Mapembeni alikuwako Nanjala, mwanamke wa bara aliyekuwa Mombasa miaka kumi, na aliyejua saa za ndege kama wengine wanavyojua saa za swala. Hakuwahi kupanda ndege hata moja. Alisikiliza swali, akauliza siku na saa, kisha akafungua daftari la safari, kubwa kama kitabu cha simu, akachukua karatasi.

Alianza na umbali. Toronto mpaka London, kilomita elfu tano na mia saba. London mpaka Nairobi, elfu sita na mia nane. Nairobi mpaka hapa, mia nne na arubaini. Jumla elfu kumi na tatu kasoro kidogo. Angani pekee ni saa saba, na saa nane na nusu, na saa moja. Saa kumi na sita na nusu.

Kahindi alihesabu haraka kichwani. Tangu simu ya saa nne Jumanne mpaka saa mbili na nusu Jumatano ni saa ishirini na mbili na nusu. Moyo ukamshuka. Basi inawezekana, alisema.

Nanjala alimtazama kwa huruma. Ndege si teksi, akamwambia, haikungoji wewe ushuke ngazi. Toronto iko nyuma yetu kwa saa nane. Simu ya saa nne asubuhi ya hapa, kule ilikuwa saa nane usiku, na ndege za kwenda Ulaya huondoka kule jioni. Za jioni hiyo zilikuwa zimeshakwenda. Ya kwanza aliyoweza kupanda ni ya jioni iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu, ambayo kwetu ni saa nane na nusu ya usiku wa kuamkia Jumatano. Aongeze saa saba. Akaandika, akapiga mstari chini yake: atatua London Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za Mombasa.

"Jumatano saa nne mtu wangu alikuwa ndani ya kaburi Manyimbo," Kahindi alisema, "akipokea maiti."

"Basi huyu wa kwenye karatasi ndiyo kwanza ashuka ngazi za ndege London," Nanjala akajibu, "na kutwa nzima atakaa pale kungoja ndege ya usiku. Hapa afika Alhamisi adhuhuri, akijaliwa."

Kahindi hakutaka kukosea tena. Ameshamkosea mtu mmoja wiki hiyo. Akauliza, na kama alikuwa yuko London tayari? Nanjala akapekua tena. Ile ya usiku kutoka London hutua Nairobi saa tatu na nusu asubuhi. Mombasa hafiki kabla ya saa sita. Iko moja tu itokayo London moja kwa moja mpaka hapa, ile ya kukodiwa iletayo watalii wa hoteli za pwani, na hiyo hutua Jumamosi. Jumamosi iliyopita ilitua saa mbili asubuhi. Alimkabidhi ile karatasi, akasema kwao wana msemo na huku pwani upo ule ule: njia ya mwongo ni fupi.

Alimkuta Mzamil katika chumba cha juu cha nyumba ya Maalim, peke yake, baada ya wageni wa adhuhuri kuondoka. Kijana wa miaka thelathini na tatu, mwembamba, kanzu ya babake imempwaya. Macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Kahindi alipokea kahawa, akasema pole tena, akasema amekuja kukamilisha faili ili Jumatatu shauri liende. Mzamil alitikisa kichwa. Akauliza kwa sauti ya chini kama Chengo ameshakiri.

"Hajakiri."

"Nilisikia mwampiga."

"Nilimpiga mimi," Kahindi alisema. "Kofi moja, na lilikuwa la bure."

Mzamil aliteremsha kikombe chake. Kahindi akatoa karatasi ya Nanjala, akaitandaza kwenye mkeka kati yao, akamwomba amsaidie hesabu moja inayomshinda. Akaanza na simu ya saa nne. Akaenda kituo kwa kituo, bila haraka, kidole juu ya karatasi, mpaka London, saa tatu na nusu. Hakupandisha sauti. Alipofika hapo aliinua kidole.

"Nilikuwa London," Mzamil alisema. "Kikazi. Mwenzangu alinipigia huko."

"Ndege ya London ilitua Nairobi Jumatano saa tatu na nusu. Wewe saa mbili na nusu ulikuwa ukumbini hapa chini."

Mzamil aliivuta ile karatasi karibu yake.

"Watu wasema ardhi ilikunjwa," Kahindi aliendelea. "Mimi si mtu wa kukataa. Lakini hata aliyekunjiwa ardhi hupigwa muhuri. Nipe pasipoti yako, ndugu yangu. Nikikuta muhuri wa Jumatano nitakuomba radhi mbele ya watu."

Chini jikoni Mahfudha alikuwa akigawa kazi za hitima. Mzamil aliinuka, akaenda kwenye mkoba, akaja na pasipoti, akampa bila kuifungua. Muhuri ulikuwa wa Jumamosi iliyotangulia, kiwanja cha Mombasa, ndege ya watalii.

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alieleza huku akiitazama ile karatasi, kama mtu asomaye barua yake mwenyewe. Alikuwa amepata habari kwamba babake ataka kuiweka nyumba hii wakfu kwa ajili ya chuo cha Kurani. Nyumba ilikuwa ya mama yake, na yeye amechoka na ugeni, na miaka yote sita hakuwaza mahali pengine pa kurudi. Alikuja kimya ili Mahfudha asijue, akapanga chumba Mwembe Tayari kwenye gesti ya wasafiri wa mabasi ya bara, mahali ambapo hakuna mtu wa Mji wa Kale atakayemwona. Mwenzake wa Toronto aliagizwa amjibie kuwa yuko kazini kisha ampigie gesti, na simu ya saa nne ilitoka humo humo. Jumatatu alimngoja babake kwenye uchochoro wa msikiti baada ya alasiri, akamwomba waonane usiku, wawili tu. Mzee alifurahi mno. Alimwondoa Chengo, akampikia mwanawe pweza, naye hata kumtafuna hawezi. Alikaa akamtazama akila.

Kisha wakasemezana juu ya nyumba, na mzee hakukubali. Karatasi ya wakfu ilikuwa mfukoni mwake, na kesho yake alikuwa aipeleke kwa kadhi. Kwenye kichwa cha ngazi Mzamil alimshika mkono ampokonye. Mzee akavuta. Yeye akaachia.

"Nilimsikia akikohoa," alisema. "Nikasikia na hatua za watu uchochoroni. Nikatoka na mlango wa uani. Alikufa pale pale?"

Daktari aliandika kwamba Maalim aliishi saa tatu au nne baada ya kuanguka. Kahindi alikuwa nayo ripoti mfukoni. Mkono wake ulikwenda mfukoni ukaishia hapo, na Mzamil alipouona akajua. Mzamil alifunika uso kwa mikono miwili. Alilia kwa muda mrefu bila sauti, na Kahindi alimwacha.

Liko moja lililomkera bado, nalo halikuwa la faili. Aliuliza kwa nini hakungoja. Angekaa gesti siku moja zaidi, akatokea Alhamisi adhuhuri, hakuna mtu duniani ambaye angemshuku, na Jumatatu Chengo angebeba shauri lote peke yake.

"Nilikaa kitandani usiku kucha nikizifanya hesabu hizo," Mzamil alisema. "Nilizijua kabla yako. Nilijua mtu wa Toronto hawezi kuwa ameshafika. Kulipokucha nikasema, akishushwa kaburini leo, atakayempokea ni nani? Hana mwana mwingine. Nimemwangusha mimi, kisha nimwache mtu baki amlaze?" Alipangusa uso kwa upindo wa kanzu ya babake. "Nilidhani wataniuliza pale pale mlangoni. Badala yake wakanibusu mkono."

Kahindi alimpa muda wa kutia udhu na kuswali. Alisimama nje ya chumba, na Mahfudha alipopanda na sinia ya chai, ni Kahindi mwenyewe aliyelazimika kumwambia. Katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kutamani kama siku ile awe na mtu wa kumtuma.

Magharibi ilikaribia alipokwenda mwenyewe kumfungulia Chengo mlango wa selo. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Alisema alikosa, alisema mgeni amepatikana, akamtaja. Chengo alisimama akiegemea ukuta, sikio la kushoto limevimba bado. Hakuuliza juu ya kofi, wala Jumatatu.

"Maalim amezikwa wapi?" aliuliza.

Kahindi alimwambia Manyimbo.

"Kila alfajiri nilimshika mkono kwenye ngazi zile kwenda msikitini," Chengo alisema. "Miaka kumi na moja. Usiku mmoja aliniambia nenda, nikaenda, wala sikumuuliza ngazi utashukaje. Nami nataka kumuomba radhi."

Walitoka watatu, Kadzo na kikapu chake nyuma yao. Walikwenda kwa miguu, na Kahindi, kwa mazoea mabaya ya kazi, alitazama saa yake walipoondoka kituoni na akaitazama tena walipofika kwenye lango la makaburi. Dakika kumi na nane. Mwana alikuja kutoka mwisho wa dunia akawahi. Huyu alikuwa umbali wa dakika kumi na nane, na maziko yakampita kwa sababu mlango ulifungwa, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa Kahindi.

Chengo alivua viatu, akaingia peke yake.